Kifuniko Kimoja, Bila Sufuria

Daftari hili lilikuwa la mwanangu, la darasa la nne.
Kurasa za mbele bado zina hesabu zake za kugawanya,
nyingine zimepigwa mkasi mwekundu wa mwalimu.
Mimi nimeanzia katikati.

Stoo yetu ipo nyuma ya kanisa, Katindo,
sakafu ni lava iliyopigwa nyundo mpaka ikakubali kulala.
Jumatatu na Ijumaa nafungua kufuli, nakaa, naandika:
unga wa muhogo, gunia moja, kutoka kwa Bauma wa kinu;
sabuni, miche tisa, hakutaja jina;
chumvi, hakuna.
Tena hakuna. Watu hukumbuka unga,
wa kukumbuka chumvi bado hajazaliwa.

Nisiseme ubaya. Lakini nimepokea pia
tai tatu za harusi,
kiatu cha kisigino kirefu, cha kushoto,
na katoni ya dawa ya kung'arisha kabati
mahali ambapo watu wanalalia turubai.
Niliandika vyote. Nilisema aksanti.
Mkono utoao haukaguliwi kucha,
ingawa usiku, nikihesabu, nilizikagua.

Paluku wa chukudu hutubebea mizigo bila kulipwa.
Huleta na makala ya kupikia, yale ya chini ya gunia,
nusu vumbi, na kusema:
"Maharage mabichi ni kokoto tu, Ma Katungu."
Kweli. Hakuna anayekula gunia.
Mtu hula moto, na maji, na mwiko, na muda.

Ijumaa ile mvua ilianza saa nane.
Akaingia mwanamke niliyemjua kwa mwandiko wangu:
ukurasa wa kumi na saba, Nzigire, wa Minova, watoto wanne,
unga kilo tano, mafuta nusu lita, blanketi moja.
Nikanyoosha mkono kwenye kopo la kupimia.
"Sikuja kuchukua."
Akatoa kifuniko chini ya kitenge.

Cha aluminiamu, kimebonyea ukingoni,
kishikio chake ni kizibo cha chupa na skrubu.

Siku ya kukimbia, sufuria ilikuwa motoni.
Maharage yalikwisha kupasuka, bado chumvi.
Alikuwa amefunua tu aonje,
na mlio wa kwanza ukamkuta hivyo:
mwiko mkono huu, kifuniko mkono huu.
Mwiko ulianguka njiani, hajui wapi.
Kifuniko kikawa mwavuli wa mtoto mdogo,
kikawa sahani, kikawa pepeo la moto wa wengine,
kikagongwa usiku kumwita aliyepotea.
Sikuuliza kama aliitika.

"Sasa nina sufuria yenye chake.
Hiki kinakaa bure, na kitu kikikaa bure
kinanitazama."

Nilishika kalamu. Nikiandike safu gani?
Chakula, hapana. Vyombo, labda,
lakini nusu ya chombo huitwaje?
Nikaandika kwa herufi kubwa kuliko lazima:
kifuniko kimoja, bila sufuria.

Rafu ya juu kulikuwa na sufuria tangu Aprili,
kichwa wazi, hakuna aliyeitaka.
Nilipanda kiti. Tulijaribu.
Hakikuenea. Kilikaa upande
kama kofia ya mtu anayetoka kwenye kasiksi,
na pengo la vidole viwili la kutolea mvuke.
Nzigire akacheka; kwanza nilidhani anakohoa.
"Itaivisha," akasema. "Polepole, lakini itaivisha."

Jumatatu iliondoka na kijana mmoja na bibi yake mzaa mama.
Sikuwasimulia lolote.
Chombo nacho kina haki ya kuanza upya.
Usiku nikapiga mstari juu ya neno "bila",
mstari mmoja tu, ili bado lisomeke.

Chumvi ndiyo hakuna.
Wewe unayepita Katindo Jumatatu au Ijumaa,
leta hata ile ya kufungwa kwenye karatasi.
Nitaiandika.